Shajara ya stoo: msimu wa pili wa kuhifadhi mavuno

Kabla ya kuanza

Mwaka jana tulivuna vizuri tukaishia kutupa. Robo ekari yetu ilitupatia vitunguu, viazi, karoti, kabichi na maboga ya kutosha nyumba nzima, lakini baridi ilipofika katikati nilikuwa nimeshabeba zaidi ya theluthi ya mavuno kwenda kwenye lundo la mboji. Viazi vilichipua, vitunguu vikaoza kuanzia shingoni, karoti zikalegea hadi ukiikunja moja inajikunja. Iliniuma, maana kila kimoja nilikijua tangu kilipokuwa mbegu.

Mwaka huu naandika kila hatua. Nataka kinachovunwa mwishoni mwa msimu kitulishe hadi mboga mpya zianze kutoka, na kinachotupwa kisizidi kilo moja katika kila kumi. Hatuna chumba cha baridi cha umeme. Tuna stoo iliyochimbwa nusu yake ndani ya ardhi, upande wa nyumba usiopigwa jua, hatua nne kwa tatu, kuta za mawe na sakafu ya udongo.

Kuna jambo moja ambalo mwaka jana sikulielewa, na ndilo linaloongoza mradi wote: mboga ikishavunwa haijafa. Bado inapumua. Inavuta oksijeni, inaunguza sukari yake yenyewe, inatoa joto, maji na hewa ya ukaa. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Basi kazi yangu ni kuituliza pumzi hiyo bila kuikata. Na kwa kuwa ni kitu hai, kina vidonda, kina kiu, na kila kimoja kina baridi yake kinayoiweza.

Wiki ya 1: chumba

Tumetoa kila kitu nje. Mbao za chaga tumezisugua na kuzianika juani siku mbili, kuta tumezipaka chokaa. Kuvu za mwaka jana zilikuwa bado zimejibanza kwenye nyufa za mbao, nimeziona kwa macho, doa la kijivu pale pale kilipokaa kikapu cha vitunguu.

Kazi kubwa ilikuwa hewa. Tumetoboa matundu mawili kwenye pembe zinazotazamana na kupitisha mabomba ya plastiki yenye upana wa sentimita 10. Moja linashuka hadi shubiri moja kutoka sakafuni, la pili linaanzia chini kidogo ya dari na kutokeza nje. Hewa baridi ni nzito, inaingia kwa chini. Ile yenye joto iliyotoka kwenye pumzi za mboga inapanda na kutoka kwa juu. Midomo yote miwili ya nje tumeifunga kwa wavu wa waya wa matundu madogo kuzuia panya, na kila bomba lina kifuniko. Utaratibu ni kufungua usiku kunapokuwa na baridi na kufunga asubuhi kabla jua halijapata nguvu.

Nimenunua kipima unyevu, lakini sikukiamini hivi hivi. Kuna njia ya kukipima kwa chumvi ya jikoni. Nilijaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, nikadondoshea maji tone kwa tone mpaka ikawa kama mchanga uliolowa, isiyeyuke yote. Nikakiweka kifuniko pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufunga hewa isipite, nikauacha usiku kucha mahali pamoja. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Asubuhi kipimo chetu kilisoma 69. Kwa hiyo kila ninaposoma naongeza 6, na namba zote humu nimeshazisahihisha.

Wiki ya 2: vitunguu

Kitunguu kina ishara yake. Shingo inaishiwa nguvu na majani yanalala yenyewe, bado yana ukijani. Nusu ya tuta ilipolala nilikata maji kabisa. Siku kumi baadaye karibu robo tatu vilikuwa vimelala, tukang'oa.

Mwaka jana niliyakanyaga majani ili yalale haraka, kwa kuwa nilishaona watu wakifanya hivyo. Sirudii. Shingo iliyovunjwa kabla ya wakati ni mlango wa kuvu, na kuoza kote kwa mwaka jana kulianzia hapo.

Tulichagua asubuhi yenye upepo. Nililegeza udongo kwa jembe uma, baba watoto akawa anavuta taratibu na kuvilaza juu ya tuta, majani ya kimoja yakifunika kichwa cha mwenzake kisiungue na jua. Hatukuvigonganisha ili kuangusha udongo, hata mara moja. Jioni vilipanda kwenye uchanja wa wavu wa waya chini ya bati, hewa inapita juu na chini. Hapo vitakaa wiki mbili hadi tatu, na joto la nyuzi 24 hadi 30 ndilo linalovifaa zaidi.

Najuaje vimekauka? Nashika shingo kati ya kidole gumba na cha shahada, nasugua. Kama kuna kitu kinateleza kwa ndani, bado. Kama inabonyea na kusikika kama karatasi, tayari. Ninavipitia kimoja kimoja, sivipimi kwa kikapu. Vyenye shingo nene, ambavyo vilijaa kikapu kizima, vimekwenda jikoni moja kwa moja. Hivyo havikauki vizuri hata ukivianika mwezi.

Na havitaingia stoo. Hili lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu stoo ndiyo stoo. Lakini viazi na karoti vinataka hewa yenye unyevu mwingi, wakati kitunguu kinataka asilimia 65 hadi 70 tu. Mwaka jana vilikaa chaga moja na viazi, vikawa vinakunywa unyevu wa jirani. Safari hii vinapanda darini, ambako ni pakavu na kipupwe kinapenya. Kitunguu hulala fofofo karibu na nyuzi 0, na hulala pia kwenye joto kali. Hapo katikati, kati ya nyuzi 5 na 20, ndipo kinapoamka na kuchipua.

Vitunguu saumu tulishaving'oa mapema, theluthi ya majani ya chini ilipokauka. Vimesukwa mafungu na vinaning'inia darini.

Wiki ya 3

Mvua siku tano mfululizo. Hatukuvuna chochote. Jirani alinishauri nichimbe viazi kabla havijaoza ardhini, nami nilikaribia kumsikiliza. Kiazi kilichochimbwa kwenye tope huingia na tope hilo stoo, na ngozi yake ikiwa imelowa hukwaruzika kwa kuguswa tu. Tumesubiri.

Wiki ya 4: viazi mviringo

Mashina ya viazi niliyakata wiki mbili na nusu kabla, nikaacha viazi vyenyewe ardhini. Majani yakiondoka, kiazi huacha kukua na kuanza kujenga ngozi. Kipimo ni kidole gumba: bonyeza ngozi na usukume kwa pembeni. Siku ya kukata mashina iliambaa kama utando wa maziwa. Wiki hii nilisukuma kwa nguvu mpaka kidole kikauma na ngozi haikusogea.

Tulianza saa moja asubuhi, udongo ukiwa bado baridi. Hili nalo ni la pumzi: kiazi kilichochimbwa alasiri huingia stoo na joto la shamba zima mwilini, na joto hilo lina siku kadhaa za kutoka. Jembe uma tulichomeka mbali na shina, karibu urefu wa mkono hadi kiwiko, tukainua kutoka chini. Hata hivyo tulichoma vingine. Vilivyochomwa hadi ndani vilikwenda jikoni. Vilivyokwaruzwa juu juu nilivitenga kwenye kreti moja, nikavichora alama ya chaki, ili nione vinavyopona.

Vinapona kweli. Kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo kiazi hakihitaji baridi kali. Kinataka giza, joto la nyuzi 12 hadi 15 na unyevu wa karibu asilimia 90. Katika hali hiyo chembe zilizo chini ya kidonda hutengeneza utando mgumu wa kahawia, jamii moja na gamba la kizibo, na ukishaziba maji hayatoki wala kuvu haziingii. Nilichukua kimoja kila baada ya siku tatu nikakikwangua kwa ukucha. Siku ya tatu jeraha lilikuwa bado na umajimaji. Siku ya sita lilishika vumbi. Siku ya kumi na mbili ukucha uliteleza. Mwaka jana niliviingiza moja kwa moja kwenye baridi, na baridi husimamisha uponaji. Nilivifungia na vidonda vibichi.

Siku ya pili mwanangu alitoka stoo mbio.

"Mama, mbona viazi vinatoka jasho?"

Ni kweli, kreti za juu zilikuwa zimelowa. Viazi vilikuwa na joto kuliko hewa, mvuke ukapanda na kugandia pale ulipokutana na ubaridi wa dari na kurudi kama matone. Tulifungua mabomba yote mawili usiku huo na kutandaza magunia makavu juu ya kreti yanyonye. Kufika asubuhi ya pili vilikuwa vikavu.

Baada ya kupona nimevishusha taratibu, nyuzi moja au mbili kwa siku, hadi 5. Chini ya 4 sishuki. Hapo wanga hugeuka sukari, na kiazi kikikaangwa kinakuwa cheusi kabla hakijaiva. Taa ya stoo nimeitoa kabisa, naingia na tochi. Mwanga huleta ukijani kwenye ngozi, na pamoja na ukijani huo huongezeka solanini, sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Wiki ya 5: usiku wa jalidi

Jioni ile anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu, hakuna upepo, na saa kumi na mbili kipimajoto kilisoma 6. Dalili zote za jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu. Maboga na nyanya vilikuwa bado shambani, na vyote viwili haviivumilii. Tuliwasha tochi tukaingia, watu wazima wawili na watoto wawili, tukatoka saa nne usiku.

Boga hukatwa na kipande cha kikonyo cha urefu wa kidole. Si mpini wa kubebea, ingawa mkono unakwenda hapo wenyewe. Kikonyo kikichomoka kinaacha tundu kwenye nyama ya boga, na kuoza kunaanzia kwenye tundu hilo. Niliwaambia watoto walibebe kama wanavyombeba mtoto mchanga, mikono yote miwili chini, na walifanya hivyo, wakitembea polepole gizani, mpaka nikasimama kuwatazama. Maboga matatu tu ndiyo yaliyopoteza vikonyo, na ya mwisho tumeyala jana.

Lililoiva ngozi yake haiingii ukucha. Yamekaa siku kumi jikoni kwenye joto, karibu nyuzi 27, ngozi ikazidi kuwa ngumu na mikwaruzo ikakauka. Sasa yako chini ya vitanda kwenye chumba kisichowashwa moto, nyuzi 10 hadi 13, pakavu, kila moja limekaa peke yake juu ya gazeti. Stoo ni baridi mno kwao. Chini ya nyuzi 10 boga huumia ndani kwa ndani na kuanza kuoza madoa madoa baada ya wiki chache, wakati umeshasahau ulilitenda nini.

Nyanya za kijani tulichuma zote, lakini si zote zitaiva. Ukikata moja ya ukubwa huo huo katikati, mbegu zinakuambia: kisu kikizikata, bado ni changa, haitaiva ila kusinyaa. Zikiteleza pembeni ya kisu ndani ya utelezi wake, imekomaa, na dada zake zitaiva ndani. Zilizokomaa nimezipanga tabaka moja kwenye kreti, nyuzi 18 hadi 20, na kati yake nikaweka nyanya moja nyekundu. Ile nyekundu hutoa gesi ya ethilini, ambayo huwaambia wenzake waive.

Zilizokwisha kuiva tumezifunga kwenye mitungi ya glasi, kila mtungi wa lita moja ukiwa na vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya chupa, kisha ukachemshwa majini kwa muda wake. Limau si ladha. Asidi ya nyanya iko mpakani, na pasipo asidi ya kutosha bakteria wa botulinamu wanaweza kuota ndani ya mtungi uliofungwa na kutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwa sababu hiyo hiyo sifungi karoti, bitiruti wala maharage mabichi kwenye mitungi kwa kuchemsha majini. Mbegu za bakteria hao hupita salama kwenye maji yanayochemka nyuzi 100. Mboga hizo hutaka sufuria ya mgandamizo inayofika nyuzi 116 na zaidi, na mimi sina. Naandika kwa mkazo kwa sababu huyu haonekani, hanuki, na anaua.

Wiki ya 6

Mstari mmoja wa viazi vitamu, kilo 20 na kidogo. Hivi ni kinyume cha viazi mviringo kwa kila kitu. Vinapona kwenye joto la nyuzi 29 au 30 na unyevu mwingi, siku nne hadi saba, ndiyo maana vimekaa nyuma ya jiko vimefunikwa shuka nyevu. Kisha nyuzi 13 hadi 15, na baridi zaidi ya hapo hapana, la sivyo moyo wake unakuwa mgumu na hauivi hata uchemshe kutwa. Vinalala jirani na maboga.

Wiki ya 7: karoti na bitiruti

Hizi niliziacha ardhini makusudi mpaka jalidi nyepesi zikazipita mara tatu. Baridi inapoingia, karoti huongeza sukari ili kujikinga, na anayeuma moja kabla na nyingine baada hahitaji kuelezwa.

Majani yamekatwa pale pale shambani, dakika ile ile. Jani lililoachwa juu ya karoti linaendelea kunywa maji kutoka kwenye mzizi kana kwamba bado kuna ardhi. Nilifanya jaribio: karoti mbili za unene mmoja, moja na majani, moja bila, juu ya meza ya jikoni. Kesho yake yenye majani ilijikunja bila kuvunjika. Bitiruti sikuikata kwa kisu, niliyasokota majani na kuacha vidole viwili vya vikonyo, kwa maana ukiikata karibu inavuja rangi na utamu wake kama jeraha.

Hatuoshi. Udongo uliokauka tunaufuta kwa kiganja tu.

Halafu mchanga. Hapa ndipo nilipokosea mwaka jana kwa kutumia mchanga mkavu, ambao ulizinyonya karoti badala ya kuzilinda. Karoti inataka baridi karibu na nyuzi 0 na unyevu zaidi ya asilimia 95, na hewa ya stoo peke yake haifiki huko. Mchanga mnyevu hufika. Kipimo chake ni ngumi. Unachota kiganja kimoja, unakaza. Maji yakitokeza kati ya vidole, umezidisha. Ukifungua mkono na donge likabomoka lote, umepunguza. Linalofaa hubaki na alama za vidole juu yake, na kiganja kinabaki na ubaridi bila kulowa. Ilinichukua ndoo tatu za mchanga kulipata.

Tabaka la mchanga, tabaka la karoti zisizogusana, mchanga tena. Hazigusani ili moja ikioza isiwaambukize wenzake. Ilituchukua siku mbili kwa kreti sita, na mgongo bado unauma. Kila karoti imepita mikononi mwangu: yenye ufa au iliyochomwa na jembe haikuingia. Kreti zimewekwa sakafuni, mahali penye baridi kuliko pote, mdomoni mwa bomba la kuingiza hewa.

Tuta la mwisho la karoti tumeliacha ardhini chini ya nyasi kavu unene wa futi moja. Nataka kuona kama ardhi yenyewe ni stoo bora kuliko yangu.

Wiki ya 8: kabichi

Tumeng'oa na mizizi yake, tukaacha majani mawili matatu ya nje, kisha tukazining'iniza kichwa chini kwenye banda la pembeni. Harufu ya kabichi huhamia kwenye kila kitu, kwa hiyo haikai na wenzake. Majani ya nje yatakauka kama karatasi, na hayo ndiyo koti lake.

Zilizopasuka kwa mvua, nane, tumezikatakata na kuzichachusha kwa chumvi ya gramu 20 kwa kila kilo ya kabichi. Unaifinyanga mpaka itoe maji yake yenyewe, unaishindilia kwenye mtungi, na jiwe safi juu yake liizuie isipande nje ya maji. Kilichozama kinachachuka, kinachochungulia hewani kinaota ukungu.

Wiki ya 9: maharage

Maganda yalikuwa yanalia yakitikiswa, nikadhani yamekauka. Lakini ganda hudanganya. Nilimimina maharage hadi robo ya mtungi mkavu wa glasi, nikaongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, nikafunga na kutikisa dakika kadhaa, kisha nikauacha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za glasi, unyevu umezidi asilimia 15 na hayafai kufungiwa. Iligandia. Tukayaanika siku nne zaidi, mara hii ikaanguka yote chini kavu. Ndipo yakaingia kwenye ndoo za vifuniko vinavyobana. Ndoo tumezijaza mpaka juu, kwani wadudu wakifungiwa pasipo hewa ya kutosha hufa.

Wiki ya 11: karoti chungu

Nimefungua kreti ya kwanza. Ngumu, zenye rangi, zinavunjika kwa mlio. Binti yangu akauma moja akaitema. Nikaonja na mimi: chungu, uchungu unaobaki nyuma ya ulimi.

Nilikaa kwenye ngazi ya stoo muda mrefu kabla ya kuangalia juu. Kwenye chaga ya juu kulikuwa na kikapu cha matufaha. Mama mkwe alituletea wiki tatu nyuma, mimi nikiwa shambani, akayaweka mahali palipoonekana panafaa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Tufaha hutoa ethilini kwa wingi, na karoti ikiivuta hutengeneza kemikali chungu. Mwaka 1901 mwanasayansi Dimitry Neljubow aliona huko St. Petersburg miche ya njegere ikiota kwa kulala badala ya kusimama, akagundua kisa ni ethilini kutoka kwenye gesi ya taa. Miche ile na karoti zangu wamevuta hewa moja.

"Nisamehe mwanangu," alisema mama mkwe nilipomwambia. "Ningeuliza."

"Hapana mama, mimi ndiye nilipaswa kuandika mlangoni."

Nimeandika. Matufaha yamehamia darini kwenye vitunguu saumu kwa muda, na hata huko hayatakaa. Mabomba yamebaki wazi usiku tano. Kreti mbili zilizokuwa chini ya chaga ile ni chungu, tunazipika kwenye supu ambamo uchungu unapotea. Nne za upande wa bomba zimesalimika.

Wiki ya 14: kupekua

Kila Jumamosi napitia kila kreti. Nafungua, nanusa kwanza. Pua huwahi kabla ya jicho: kiazi kinachooza kina harufu tamu ya udongo mbichi siku tatu kabla hujaona doa. Nimekuta viwili leo, vyote viwili na jeraha la jembe lililokuwa upande wa chini ambao sikuugeuza siku ya kuchagua. Katika kreti ya chaki, ile ya viazi vilivyokwaruzwa vikapona, hakuna kilichooza.

Sakafu nimeimwagia ndoo ya maji, kwa kuwa unyevu ulishuka hadi 82. Jioni ulikuwa 91.

Wiki ya 17: mizani

Baridi imefika katikati, wakati ule ule niliokuwa nabeba vikapu kwenda kwenye mboji mwaka jana. Nimepima kila kilichotupwa tangu mwanzo, nilikuwa naandika kwenye kipande cha mbao nyuma ya mlango.

Viliingia kilo 190 za viazi, 88 za vitunguu, 64 za karoti, 30 za bitiruti, 52 za kabichi na 70 za maboga. Vimetupwa viazi kilo 14, kabichi 9, vitunguu 6, maboga 5, karoti 3. Bitiruti, hakuna. Jumla 37 kati ya 494, chini ya kilo moja katika kila kumi na tatu. Karoti chungu sikuzihesabu kwa sababu tumezila.

Kabichi ndiyo iliyoniangusha. Banda ni kavu mno kwake, majani yamekauka hadi la tano badala ya la tatu. Mwakani nitazifunika kwa magunia yaliyoloweshwa.

Leo tulifukua nyasi kwenye tuta tulilolibakiza shambani. Juu kulikuwa na ganda la barafu, chini ya nyasi udongo ulikuwa laini kiasi cha kuingiza mkono. Nilivuta moja, nikaifuta kwenye kanga, nikampa binti yangu. Aliishika kwanza, akaniangalia.

"Hii haijakaa na matufaha?"

"Haijakaa."

Akauma, akatafuna, akainama kuvuta nyingine.